Mama Honorine Achagua Mtaa

Ugonjwa wa magoti ulimshika Domitille wiki ile ile Onesphore alipoacha kuendesha lori.

Kabla ya hapo magoti yake hayakuwa na neno. Yalikuwa yameinama katika mashamba ya mpunga ya Lubarika tangu ujana wake, yamebeba mimba mbili, yamesimama kaburini kwa mumewe bila kutetemeka. Lakini siku Onesphore aliposhuka kwenye Fuso lake, akavua kofia na kumwambia kwamba daktari amemkataza usukani kwa sababu ya macho, na kwamba hiyo ndiyo safari yake ya mwisho ya kuchukua mpunga, Domitille alihisi kitu kikilegea ndani yake. Kwa kuwa hakuwa na jina la kukiita kitu hicho mbele ya watu, alikiita magoti.

"Sasa utakaa wapi?" alimuuliza, macho yake yakiangalia magunia.

"Kalundu. Si unajua nyumba yangu iko pale pale kwa ziwa." Onesphore aliizungusha kofia mikononi kama mtu anayetafuta mlango wake. "Mama Honorine, mu Uvira watu wanahamaka kila siku. Muntu anaweza kuja, akachagua mtaa, kartie yenye anapenda. Minye nasema tu."

"Weye unasema tu."

"Ndiyo. Nasema tu."

Wakatazamana. Alikuwa mwanamume wa miaka sitini na kidogo, mpana wa mabega, mjane kama yeye, mwenye mvi zilizoanza masikioni na kusimama hapo hapo, kana kwamba zimesubiri ruhusa. Kwa miaka mingi alikuwa amepakia mpunga wa mama huyu bila kumgusa hata kidole. Sasa alimtazama kwa namna ambayo Domitille, bibi wa wajukuu, alijikuta akirekebisha kilemba ambacho hakikuwa kimelegea.

Jioni ile alimpigia simu bintiye.

"Honorine, mwanangu, magoti yanaisha. Nataka kuhamia Uvira, karibu na hospitali."

Honorine alipiga kelele za furaha. Alikuwa prefe, yaani mkuu, wa shule ya sekondari ya wasichana, mwanamke wa miaka thelathini na minane ambaye sauti yake iliweza kunyamazisha uwanja mzima wa shule bila kipaza sauti. Tangu baba yake afariki alikuwa amemsihi mama ahamie mjini, na mama alikuwa akijibu kwamba mjini hakuna hewa. Kumbe hewa ilikuja na magoti.

*

Ndivyo ilivyokuwa Jumamosi moja asubuhi, Domitille akiwa ndani ya bajaji, amevaa kitenge chake cha kijani cha sikukuu, bintiye pembeni, na mbele, akiwa amebanana na dereva, Déogratias komisioneri. Huyu Déogratias alikuwa na kazi ya kutafutia watu nyumba za kupanga, na hajawahi kuona nyumba mbaya maishani mwake.

"Mama, tunaanza Mulongwe," alitangaza. "Ukuta kwa ukuta na Madamu Prefe. Ukikohoa, anasikia."

Domitille aliingia, akatazama chumba, akatazama dirisha. Dirisha lilitazamana na jikoni kwa Honorine, karibu kiasi kwamba mtu angeweza kupokea chumvi bila kutoka nje. Alifikiria maisha yake yote yaliyobaki yakipita mbele ya dirisha hilo, akiulizwa anaenda wapi na anarudi saa ngapi.

"Jogoo," alisema.

"Jogoo gani, mama?" aliuliza Honorine.

"Nimesikia jogoo. Minye nikisikia jogoo karibu, moyo unapiga."

"Mama, weye umeishi na majogoo Lubarika tangu kuzaliwa!"

"Wale walikuwa wananijua."

Wakapanda hadi Songo, juu mlimani. Nyumba ilikuwa nzuri, ila ili kuifikia ilibidi kupanda ngazi zilizochongwa kwenye udongo, nyingine zikiwa zimeliwa na mvua. Domitille alifika juu akihema, na hapo magoti yake, ambayo asubuhi yalikuwa ya uongo, yakaanza kupata ukweli.

"Hii haiko nyumba," alisema. "Hii iko ngazi yenye paa."

"Lakini hewa, mama!" Déogratias alifungua mikono. "Na ziwa lote uko unaliona!"

Domitille aliliona kweli. Maji ya Tanganyika yalikuwa yametandazwa chini yao hadi milima ya Burundi, yaking'aa, na macho yake yakakimbia upande wa kusini, Kalundu, penye bandari, yakatafuta paa moja kati ya mapaa. Honorine alimwona akichungulia.

"Unatafuta nini, mama?"

"Hospitali."

"Hospitali iko upande ule mwingine."

"Njo maana siioni."

Nyumba ya tatu ilikuwa Kabindula. Hapo Domitille aliingia kwenye taabu kubwa, kwa sababu nyumba ile haikuwa na kasoro. Sakafu kavu ya sementi, bomba uani, barabara karibu, jirani mmoja mkimya aliyekuwa akianika samaki wa ndagala na kuwaamkia kwa heshima. Domitille alizunguka mara mbili akitafuta neno. Alikagua kuta. Alifungua bomba, maji yakatoka, akalifunga kwa hasira.

"Basi, mama?" Honorine alikuwa ameanza kutabasamu. "Hii, sawa?"

"Mlango wa mbele," alisema Domitille polepole.

"Una nini?"

"Uko mbele sana."

Déogratias aliutazama mlango, akarudi nyuma hatua mbili, akautazama tena.

"Mama," Honorine alisema kwa sauti ya kumuita mwanafunzi ofisini, "ni kartie gani weye unataka?"

Domitille alifunga na kufungua pochi yake. "Nimesikia watu wanasifu Kalundu."

"Kalundu! Mama, maji iliingia mu nyumba za watu! Viboko wanatoka usiku wanakula mboga za lengalenga za watu uani! Na weye uko na ugonjwa wa magoti!"

"Tunaenda kuona tu. Kuona hakuumizi magoti."

Déogratias alikohoa. "Ile iko nyumba moja Kalundu," alisema kwa uangalifu. "Mwenyewe amepaka rangi juzi."

*

Mwisho wa barabara bajaji ilikataa kuendelea. Mbele yao kulikuwa na mbao zilizowekwa juu ya mifuko ya mchanga, na chini ya mbao kulikuwa na ziwa. Si ziwa kubwa, ziwa dogo lililoingia kama mgeni anayesema hatakaa. Lakini lilikuwa limekaa.

Mwishoni mwa mbao kulikuwa na nyumba mbili za ua mmoja, kubwa na ndogo. Ile ndogo ilikuwa imepakwa rangi ya buluu mpya kabisa, mpaka usawa wa maji. Mbele yake alisimama Onesphore, shati jeupe limepigwa pasi, suruali imekunjwa hadi magotini, miguu peku.

Moyo wa Domitille ulifanya fujo. Walikuwa wamepanga kwenye simu: atajifanya hamjui. Wataonana kama mpangaji na mwenye nyumba, watoto watazoea polepole, mambo yatakwenda kwa heshima. Onesphore alikuwa ameapa kwamba anaweza.

"Karibuni," alisema Onesphore, akimtazama Domitille tu. "Karibu, Mama Hono... mama wa... mgeni."

Honorine aligeuza kichwa taratibu.

"Asante, papa," alijibu Domitille, sauti yake ikiwa nyembamba kuliko alivyotaka. "Nyumba nzuri."

"Hujaiona bado," alisema Honorine.

"Inaonekana tu kwamba iko nzuri."

Waliingia. Sakafu ilikuwa na unyevu uliochora ramani, na hapa na pale maji yametuama. Domitille alisifu unyevu. Alisema unafaa kwa ngozi. Alisifu harufu ya matope, akasema inafanana na ya shamba la mpunga. Alisifu dirisha lisilofungika, akasema sasa hewa haitapata shida. Mwanamke ambaye asubuhi alikuwa amekataa jogoo na mlango, sasa alisifu hata chura aliyekuwa amekaa kwenye kona akiwatazama kama mwenye mkataba.

"Na utulivu," alisema. "Hamna jogoo."

"Jogoo wangu alikufa maji," alisema Onesphore kwa huzuni.

Honorine alikunja mikono kifuani. "Papa Déogratias, nyumba hii imekaa bila mpangaji tangu lini?"

Déogratias alifurahi kupata swali analolijua. "Eh, Madamu Prefe, watu wanaitaka! Nilileta mwalimu mmoja, papa huyu akakataa. Nikaleta bwana na bibi, akakataa. Anasema hii iko ya mama moja wa Lubarika, mwenye anauzaka mpunga, na kwamba rangi ya buluu njo rangi anapen..." Aliona uso wa Domitille, akamalizia kwa kunong'ona, "...da."

Chura alijirusha majini.

"Mama," Honorine alisema, "huyu ni nani?"

Domitille angeweza kudanganya tena, lakini alikuwa amechoka na magoti yalikuwa yanamuuma kweli.

"Huyu ni Onesphore, alikuwa anabeba mpunga yetu. Na minye nampenda."

Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutoka kinywani mwake mchana kweupe. Onesphore, ambaye hata yeye hakuwa amewahi kulisikia, alishika fremu ya mlango. Rangi mbichi ikamshika kiganjani.

"Weye uko na miaka hamsini na sita!" alilia Honorine. "Uko na wajukuu! Na baba? Umesahau baba?"

"Usiniletee baba yenu kwa ubaya." Domitille hakupaza sauti. "Nilimpenda, nilimuuguza, nilimzika. Nikalima, weye ukasoma, kaka yako akasoma. Mnakujaka Noeli, mnakula, mnacheka, mnaenda. Sisemi mnafanya vibaya. Lakini ndani ya mwaka mzima ni muntu mmoja tu alikuwa ananiuliza, 'Mama Honorine, leo umekula?' Na alikuwa anangojea jibu. Lori linanguruma, watu wanamuita, yeye anangojea jibu."

Macho ya Honorine yalijaa machozi, jambo ambalo wanafunzi wake wasingeamini.

Onesphore alisogea hatua moja. Miguu yake ilitoa sauti ya maji. "Madamu Prefe, mwanangu, sina maneno mengi, na macho yangu yamenitoa kwenye usukani. Nataka kumuoa mama yako. Kanisani, mbele ya Padri, na nyinyi watoto mukubali. Sitaki kumuiba."

"Mzee wa miaka yako angemuiba namna gani, na macho hayo?" alisema Honorine, lakini ukali ulikuwa umepungua, na alikuwa anajifuta shavu kwa mgongo wa mkono. Alienda dirishani, akawapa mgongo.

Hapo ndipo Domitille, kwa furaha iliyochanganyika na hofu, alipoingia peke yake kwenye kijumba cha nyuma alichoambiwa kitakuwa jikoni. Alitaka dakika moja ya kupumua. Alisimama kwenye tofali lililochomoza majini. Akatazama mahali ambapo angeweka mafiga yake.

Samaki alipita.

Hakuwa mkubwa. Alitoka upande wa mlango, akazunguka polepole pale ambapo mafiga yangekaa, kama mtu anayekagua nyumba, kisha akatoka kwa nyuma.

Domitille alimtazama mpaka akapotea. Akarudi sebuleni.

"Onesphore," alisema, "minye nakupenda, lakini hapa sikai."

"Nini?"

"Iko samaki mu jikoni."

"Hiyo ni faida, mama!" Déogratias aliruka. "Mboga inakuja yenyewe!"

"Nyamaza, weye," mama na binti walisema pamoja.

Onesphore alicheka kama mtu anayengoja wengine wacheke. "Mama Honorine, haya maji ni ya kupita. Ziwa litarudi nyuma. Minye nimezaliwa Kalundu, nalijua."

"Litarudi lini?"

"Litarudi tu."

"Na jikoni ya nyumba yako kubwa iko wapi? Mbona naona moshi unatokea sebuleni?"

Onesphore alinyoosha mkono kwa heshima kuelekea ziwani. Mbali kidogo, juu ya maji, ilionekana ncha ya paa la bati, na juu yake ndege mmoja mweupe amesimama kwa mguu mmoja.

"Iko mbele kule," alisema.

Domitille alikuwa karibu kucheka, akajizuia. "Uhame. Kabindula iko nyumba kavu. Nimeiona leo."

"Kabindula!" Onesphore alilitamka neno hilo kama nchi ya kigeni. "Muntu wa Kalundu, akaishi Kabindula? Watu wa bandarini watasema nini? Nyumba hii nilijenga na mikono yangu. Nikitoka hapa, Mama Honorine, nitakuwa nani?"

"Utakuwa bwana yangu."

Alilisema taratibu, na likabaki pale kati yao, juu ya maji. Onesphore aliinamisha macho. Alizitazama kuta zake za buluu.

Domitille alingoja. Yeye naye alijua kungojea jibu. Alipoona halijafika, alikusanya kitenge chake.

"Basi, ziwa likirudi, uniite," alisema, na akatoka.

*

Alitembea juu ya mbao bila kugeuka, akijikaza asiteleze mbele ya macho ya Onesphore, maana kuanguka majini wakati huo kungeharibu kila kitu. Alipofika barabarani aliketi kwenye jiwe kando ya bajaji. Machozi yalikuja, akayaacha. Umri huu wote, na bado moyo ulikuwa hauna akili. Ulimtoa Lubarika, ukamfanya amdanganye binti yake, ukamfanya amsifu chura, halafu ukamketisha hapa juu ya jiwe kama msichana aliyeachwa kwenye harusi ya mwenzake.

Déogratias alikuja akasimama karibu naye, akiwa na uso wa msiba.

"Honorine iko wapi?" aliuliza Domitille.

Hakuhitaji kujibiwa. Sauti ya prefe wa shule ilivuka maji, safi, kila neno mahali pake. Wavuvi waliokuwa wanatengeneza nyavu waliinua vichwa.

"Papa, unamuacha aende? Weye! Miaka yote unapita Lubarika, unauliza 'umekula, umekula', unamzoesha muntu! Sasa amekuja mwenyewe, na magoti yake, amepanda hata Songo, halafu weye unachagua nini? Maji? Chura?"

Sauti ya Onesphore ilinung'unika kitu.

"Mikono yenye ilijenga hii itajenga ingine! Unaogopa watu wa bandarini! Watu wa bandarini watakupikia? Watakuuliza kama umekula? Mama yangu hajawahi kulia mbele yangu tangu tumzike baba, na sasa amekaa barabarani analia juu yako, na minye nasimama hapa mu maji nikikuomba umuoe... Ee Mungu wangu, minye nasema nini?"

Domitille aliziba mdomo kwa pembe ya kitenge. Hakujua kama analia au anacheka.

"Anatoka," Déogratias alianza kutangaza, akiwa amejinyoosha kwa vidole vya miguu kama mtangazaji wa mpira. "Madamu Prefe anatoka. Papa amebaki. Papa amesimama mlangoni. Amerudi ndani. Mama, pole sana, amerudi ndani."

"Usiniambie."

"Siambii. Anatoka tena! Amebeba... eh. Eh, mama. Ugeuke."

Domitille aligeuka.

Juu ya mbao zile nyembamba, mbele ya wavuvi wote wa Kalundu na wake zao, alikuwa anakuja Onesphore. Alikuwa amevaa viatu, lakini amesahau kukunjua suruali. Kichwani alikuwa amebeba godoro zima, limekunjika pande zote mbili na kumfunika masikio, na kwa sababu ya macho yake alikuwa anapapasa kila ubao kwa ncha ya kiatu kabla ya kuukanyaga. Watu walipiga miluzi. Mwanamke mmoja alipiga vigelegele bila kujua ni vya nini.

Honorine aliwahi kufika barabarani, akajisimamisha katikati na mikono kiunoni.

"Papa, hilo godoro linaenda wapi?"

"Kabindula," lilijibu godoro.

"Hapana! Haiwezekani! Mama anaingia Kabindula peke yake. Weye unatafuta chumba chako, unaongea na kaka yangu, tunaenda kwa Padri, njo baadaye. Kwanza ndoa!"

Godoro lilitafakari. Kisha Onesphore alilishusha, uso wake ukatokea umejaa jasho, nywele zimesimama, kiganja kimoja cha buluu. Hakumtazama Honorine. Alimtazama mwanamke aliyekuwa ameketi juu ya jiwe, na safari hii macho yake mabovu yalionekana kuona vizuri kabisa.

"Sawa, mwanangu," alisema. "Godoro litangulie. Minye nitafuata."

Domitille aliinuka. Magoti yalilia, yeye akacheka. Akaenda akashika upande wa pili wa godoro, na kwa pamoja wakaanza kulipandisha juu ya paa la bajaji, huku Honorine akiwapigia kelele kwamba wanalifunga vibaya.